Kaa, kamba na jamaa zao wa miguu kumi: maswali mnayoniuliza kila siku

Nanunua kaa na kamba kwa wavuvi wa pwani ya kusini ya Kenya na kuwauzia watu wa mjini. Mteja akishapokea mzigo wake hukosi kuona simu inaita tena: mbona huyu mwepesi, mbona yule ana mayai, je, ni halali, mbona mtoto amevimba midomo. Maswali mengi yanajirudia, nami nimekulia kando ya mikoko na wanyama hawa nawapenda, kwa hiyo nimeyaandikia majibu hapa. Mengine ni marefu kuliko mengine kwa sababu mambo yenyewe hayalingani.

Kaa, kamba, uduvi na kambakoche ni jamaa moja kweli? Mbona hawafanani?

Ni jamaa moja. Wote ni krasteshia, yaani wanyama wenye gamba gumu na miguu ya viungo, wa oda (kundi la kitaalamu) ya Dekapoda, jina la Kigiriki lenye maana ya miguu kumi, alilolitumia Mfaransa Pierre André Latreille mwaka 1802. Aina zilizokwisha kuelezwa na wataalamu ni kama 15,000, na karibu nusu yake ni kaa.

Usiniamini kwa maneno, hesabu mwenyewe. Kaa ana magando mawili na miguu minane. Kamba naye, ukimshika chini ya kifua, utapata jozi tano. Vile vijiguu laini vya nyuma, chini ya mkia, ni vya kuogelea na havimo katika hesabu. Tofauti kubwa iko kwenye mkia. Mgeuze kaa chali utaona kibamba kimebanana na tumbo kama mlango uliofungwa. Kifunue taratibu kwa kidole. Huo ndio mkia wake, umekunjwa na kufichwa. Kwa kamba mkia huohuo ndiyo nyama yote tunayokula.

Mnatumia majina mengi. Nani ni nani?

Uduvi ni wale wadogo sana, wengi wao wa jenasi Acetes, wanaoanikwa juani na kupikwa kwa nazi. Kuna watu hudhani ni watoto wa kamba. Sivyo: wengi wao ni wazima kabisa, wana mayai yao na maisha yao. Kamba ni wale wa kukaanga na kuweka kwenye pilau. Kambakoche, ambaye huku kwetu wengi humwita kamba mawe, ni yule mkubwa wa miambani mwenye vipapasio virefu kama fimbo. Kaa wa mikoko, Scylla serrata, ndiye yule mzito wa kijani kilichokolea anayefungwa magando kabla ya kuuzwa.

Na kwa wanaojifunza Kiswahili: kamba huyu anaogelea, kamba hii inafunga ng'ombe. Upatanisho wa sarufi ndio unaotofautisha.

Nimekuta kaa mzima ufukweni, macho na miguu yote ipo, lakini ndani mtupu. Nani amemla?

Hakuliwa. Huenda yuko mzima na yuko mbali sana na hapo.

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu nilipokuwa mdogo nami nililia kwa jambo hilohilo. Nilimkuta kaa mkubwa kwenye kijito, nikamnyanyua, akawa mwepesi kama karatasi. Shangazi yangu akanionyesha mpasuko nyuma, pale gamba la mgongo linapokutana na tumbo. Akasema, "Ametoka hapa, mwanangu. Hiyo ni nguo yake ya zamani."

Gamba la kaa halikui. Nyama inakua, gamba linabaki vilevile, mpaka panakuwa hapatoshi. Basi kaa hutengeneza gamba jipya laini chini ya lile kuukuu, hurudisha mwilini baadhi ya madini, kisha hujificha. Lile la zamani hupasuka kwa nyuma naye hujivuta kinyumenyume. Hutoa kila mguu kutoka kwenye soksi yake, hutoa gando zima kupitia kiungo chembamba, huvua hata ngozi ya macho na utando wa ndani ya tumbo la chakula. Ukiliokota gamba hilo ulichunguze, utakuta hata vifuniko vya macho vipo. Akishatoka hunywa maji mengi ajivimbishe, ili gamba jipya likauke likiwa na nafasi ya kukulia.

Katika siku hizo za ulaini hana kinga yoyote. Hawezi kubana na hawezi kupigana. Samaki, pweza na hata kaa wenzake humla. Msemo wa kujivua gamba ulivuma sana katika siasa za Tanzania mwaka 2011, na wengi walimfikiria nyoka. Mimi humfikiria kaa, maana nyoka anavua ngozi ya juu tu.

Na hapo ndipo ndoa inapofungwa. Jike wa kaa wa mikoko hupandwa akiwa ametoka kujivua gamba. Dume humtambua mapema kwa harufu iliyomo kwenye maji, humkumbatia chini ya tumbo lake na kumbeba siku kadhaa, humwachia kidogo avue gamba, kisha humlinda mpaka gamba liwe gumu. Mvuvi akimvuta dume shimoni, mara nyingine hutoka na jike chini yake, na dume hamwachii hata akiwa hewani.

Nitajuaje kaa amejaa nyama kabla sijalipa?

Mgeuze chali umbonyeze kwa kidole gumba gamba la kifuani, karibu na mzizi wa miguu ya nyuma. Likibonyea kama plastiki ya chupa, huyo ametoka kujivua gamba juzi. Ndani ni maji. Likiwa gumu kama jiwe, lipia. Mnyanyue pia: kaa aliyejaa anakushangaza kwa uzito wake. Ukiona gamba jeupe safi bila doa tumboni, shaka. Gamba la kitambo huwa na madoa ya kutu na meno ya magando yamelika.

Dume na jike utawajua kwa kile kibamba cha tumboni nilichokitaja. Chembamba chenye ncha ni dume. Kipana cha mviringo ni jike mzima. Dume ana magando makubwa zaidi, kwa hiyo mwenye kupenda nyama ya gando achague dume. Yale mambo ya rangi ya chungwa yanayokutwa ndani ya jike ni mayai ambayo bado hajayatoa, na ile kitu laini ya manjano au ya kijani ni tezi inayofanya kazi kama ini.

Kwa nini wakipikwa wanageuka wekundu?

Wekundu ulikuwemo tangu mwanzo. Kuna rangi iitwayo astaksanthini, ambayo mnyama huipata kwenye chakula chake. Akiwa hai, rangi hiyo imeshikwa na protini inayoifanya ionekane ya buluu au kijani au kahawia. Moto unaivuruga protini, rangi inaachiwa, wekundu unajitokeza. Ndiyo maana hata gamba tupu lililokauka juani siku nyingi huelekea rangi ya chungwa.

Je, wana damu? Nikimkata sioni kitu chekundu.

Wanayo, ila inabeba hewa kwa shaba badala ya chuma. Ikikutana na oksijeni huwa na ubuluu hafifu. Ukimpasua kaa hai utaona majimaji karibu yasiyo na rangi, yakikaa kidogo yanaingia buluu ya mbali.

Kwa nini kaa anakwenda upande?

Angalia viungo vya miguu yake: vinakunjika kwenda pembeni, kama mlango unavyofunguka upande mmoja tu. Mwili wenyewe ni mpana kuliko urefu wake, na miguu imepangwa ubavuni. Kwenda mbele anaweza, lakini polepole. Kukimbia ni upande. Wale kaa weupe wa mchangani, Ocypode, unaowaona jioni ufukweni, ukiwakimbiza hutawapata. Kaa wa mikoko naye ana ziada: miguu ya mwisho ni bapa kama kasia, kwa hiyo anaogelea vizuri.

Gando likikatika linaota tena?

Linaota. Tena mara nyingi hulikata mwenyewe. Kwenye mzizi wa mguu kuna mstari maalumu wa kuvunjikia. Akishikwa pabaya hukaza misuli, mguu unabaki mkononi mwako, naye anaondoka, na jeraha hujifunga haraka. Mguu mpya huanza kama kichipukizi kilichokunjwa, na hufunguka atakapojivua gamba, mdogo kuliko mwenzake. Baada ya kujivua mara kadhaa hulingana.

Tafadhali basi, wanaovuta kaa shimoni kwa kulabu wafanye taratibu. Kaa asiye na gando hashiki bei sokoni na huko porini hashiki chakula vizuri.

Wazee wana methali: kaa akiinua gando, mambo yamekatika. Mtu aliyewahi kusimama mbele ya dume la kilo mbili lililonyanyua magando yote mawili anaielewa bila kufundishwa. Mshike kwa nyuma tu, vidole chini na gumba juu, pale magando hayafiki.

Mbona wiki nyingine kamba wamejaa sokoni, wiki nyingine hata wa dawa hawapo?

Kamba wanafuata maji. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana, mikondo ina nguvu, na kamba wanaohama hutembea nayo. Maji mafu, yale yasiyojaa wala kupwa sana, yakiingia wanatulia. Mvua za masika nazo, zikitia maji baridi na matope kwenye milango ya mito, huwasukuma vijana wa kamba watoke. Kwa hiyo mtu aliyenipigia siku ya maji mafu akitaka kilo ishirini za kamba wabichi kwa arusi, namwambia ukweli: tarehe imechaguliwa bila kutazama mwezi.

Maisha yao yenyewe ni safari ya kwenda na kurudi. Chukua kamba mweupe, Penaeus indicus, mwenye bei nzuri kwenye masoko yetu. Jike hutaga baharini, mayai laki nyingi, anayaachia majini tu bila kuyalinda. Lava, yaani watoto wa hatua ya kwanza, huanguliwa chini ya siku moja, hubadilika umbo mara nyingi ndani ya wiki mbili tatu, kisha kamba mchanga mdogo kuliko punje ya mchele huingia mtoni na mikokoni pamoja na maji kujaa. Huko hujilisha miezi michache katika matope na mizizi. Akishapata ukubwa anarudi baharini kutaga. Wengi hawafikishi miaka miwili.

Ukiielewa safari hiyo utaelewa kwa nini kamba wanapatikana pale mito inapomwaga: delta ya Rufiji, pwani ya Bagamoyo, na ghuba ya Ungwana ambako Tana na Sabaki huingia. Na utaelewa ugomvi wa meli za trola. Trola huburuta wavu chini, mahali palepale wavuvi wadogo wanapotega, na hubeba samaki wachanga na wakati mwingine kasa. Kenya ilizisimamisha Ungwana mwaka 2006, kisha mpango wa kusimamia uvuvi wa kamba ukatolewa mwaka 2010. Tanzania nayo ilisimamisha trola za kamba mwaka 2008 baada ya mavuno kushuka. Kwa maoni yangu kusimamisha kulikuwa sahihi. Kamba anakua haraka na ukimpa nafasi anarudi, lakini hawezi kurudi kama mlango wa mto umekwanguliwa kila siku.

Ni kweli kaa wanapanda miti?

Kweli, na nakuomba siku moja ukae kimya mikokoni uwaone. Huku Gazi, pwani ya kusini, na kwenye hori la Mida, karibu na Watamu, kuna kaa mdogo anayejulikana kitaalamu kama Parasesarma leptosomum. Analala chini penye mizizi. Alfajiri anapanda mpaka kwenye majani ya juu, anakula, anateremka. Jioni anapanda tena. Mara mbili kila siku. Nilipowatazama mara ya kwanza nilisikia kwanza mkwaruzo mwepesi kwenye magome, nikadhani mjusi. Nikainua macho nikaona shina zima linatembea: kaa kwa makumi, wa rangi ya gome lenyewe, kila mmoja akisimama kidogo kumpisha mwenzake, macho yao yamechomoza kama vichwa vya kiberiti.

Wenzake wa chini, wa jenasi Neosarmatium, hukamata jani la mkoko linapoanguka tu na kulivuta shimoni kabla maji hayajalichukua. Wakila, chakula cha msitu kinabaki msituni. Mashimo yao yanaingiza hewa na maji ndani ya tope ambalo bila hivyo lingekosa hewa kabisa. Mtu anayepanda mikoko awajue pia kwa upande wa pili: hula mbegu na miche michanga, na kitalu kizima kinaweza kukatwa usiku mmoja. Anayetaka kufanikiwa apande miche iliyokwisha kukomaa kidogo.

Kuna na wale wadogo wa matopeni ambao dume ana gando moja kubwa kupita kiasi na jingine dogo. Lile kubwa ni la kumpungia jike na kuwatisha madume; kula anakula kwa dogo. Jike ana madogo yote mawili.

Nikizamia kwenye matumbawe nasikia kama mafuta yanakaangika. Ni nini?

Kamba wadogo wa familia ya Alpheidae. Wana gando moja kubwa wanalolifunga kwa kasi mpaka maji yanaruka na kuacha kiputo. Kiputo hicho kinapojifunga ndipo mlio unatoka, na nguvu yake inamzimisha windo mdogo. Wanasayansi walionyesha mwaka 2000 kwamba mlio unatokana na kiputo, wala si magando kugongana. Maelfu wakipiga pamoja, unasikia kikaango.

Kambakoche hana magando. Anajilinda vipi, na wavuvi wanamtoaje mwambani?

Anajilinda kwa miiba na vile vipapasio, ambavyo pia anavisugua kwenye mzizi wake na kutoa mlio wa kukwaruza wa kumshtua adui. Mchana anakaa pangoni na wenzake, vipapasio vimetokeza nje. Adui anayemwogopa kuliko wote ni pweza, na wavuvi wa Lamu wameijua siri hiyo: wanamfunga pweza kwenye ufito na kumwingiza pangoni. Kambakoche akimwona tu anatoka mwenyewe upande wa pili, mzamiaji anamdaka.

Sababu ya kumhurumia ni utoto wake. Lava wake ni bapa, mwembamba, angavu kama kipande cha nailoni, na huelea katika bahari kuu kwa miezi mingi kabla ya kupata mwamba wa kukaa. Akifika salama ni bahati. Mnunuzi anayelazimisha vidogo vya gramu mia mbili anakula bahati hiyo.

Kaa mkubwa kuliko wote anapatikana wapi?

Kwa urefu wa miguu ni yule wa Japani, Macrocheira kaempferi, anayefika mita 3.7 kutoka ncha ya gando hadi gando. Kwa nchi kavu ni kaa wa nazi, Birgus latro, na huyu tunaye jirani: kisiwa cha Chumbe, karibu na Zanzibar, kimehifadhiwa tangu miaka ya 1990 na kaa wa nazi wako pale. Anafika kilo nne, anaishi miaka arubaini na zaidi, anavunja nazi. Matamvua yake yamepungua kazi; anapumua hewa, na akiachwa majini muda mrefu anazama na kufa. Lakini mayai lazima yaanguliwe baharini, na mtoto akirudi bara hutembea na kombe la konokono mgongoni mpaka awe mkubwa wa kutosha kuliacha. Tangu 2018 ameorodheshwa kimataifa miongoni mwa viumbe walio hatarini. Usimnunue, popote utakapomkuta.

Huku kwetu ni bara. Tuna nani?

Mnao, na wana hadithi nzito. Mito yetu ina kaa wa jenasi Potamonautes. Ziwa Tanganyika lina kaa wa jenasi Platythelphusa wasiopatikana popote pengine duniani. Ziwa Viktoria lina kamba mdogo Caridina nilotica, ambaye sangara wachanga wanamtegemea kwa chakula, naye huingia kwenye nyavu za dagaa na kuishia kwenye chakula cha kuku.

Wale kamba wekundu wenye magando wa Naivasha si wenyeji. Asili yao ni kusini mwa nchi ya Marekani, na waliingizwa ziwani mwaka 1970 kutoka Uganda. Bara la Afrika halina hata aina moja ya kamba wa namna hiyo kwa asili yake. Walioko kwa asili ni wa Madagaska.

Kaa wa mtoni aliwahi kushika ufunguo wa ugonjwa mkubwa. Upofu unaoletwa na usubi uliwatesa watu wa magharibi mwa Kenya na Uganda. Aina moja ya usubi, Simulium neavei, ilikuwa imewashinda watafiti: inzi wanaonekana, lava hawaonekani, ingawa walitafuta kwenye mawe na majani mtoni. Mwaka 1950 ikatangazwa kwamba lava wanapatikana juu ya kaa, wameng'ang'ania gamba lake wakisafiri naye. Mpaka leo anayepima kama usubi huo umekwisha mtoni huanza kwa kukamata kaa na kuwatazama miguu.

Angalizo moja: kaa wa mtoni asiliwe mbichi wala nusu mbichi. Katika sehemu za Afrika ya kati na magharibi wamebeba minyoo ya mapafu.

Ni halali kula kaa na kamba?

Kamba, uduvi na kambakoche hawana mjadala kwa Waislamu wa pwani, ambao wengi ni Mashafii. Kwa Mahanafi kuna khitilafu hata kuhusu kamba. Kaa ndiye mwenye maneno kwetu: baadhi ya wanavyuoni wakubwa wa Kishafii, Imamu Nawawi miongoni mwao, walimtaja pamoja na chura katika viumbe wa bara na bahari wasioliwa, wengine humruhusu, hasa yule asiyetoka majini. Ndiyo maana nyumba moja ya Mswahili utakuta anapikwa na ya jirani haingii. Muulize shekhe unayemwamini. Wasabato hawali jamaa hii yote, kwa Walawi 11. Nikijua mwenye shughuli ana wageni wa namna hiyo namshauri achemshe sufuria mbali.

Mwanangu alikula kamba akavimba midomo. Je, ni sumu?

Huo ni mzio, na hauna mchezo. Chanzo kikubwa ni protini ya misuli iitwayo tropomiosini, ambayo kupika hakuiondoi. Kwa kuwa kaa, kamba na kambakoche wote wanayo, aliyedhuriwa na mmoja ajihadhari na wote, uduvi wa kuanika ukiwemo. Akivimba ulimi, akikohoa au kupumua kwa shida, usingoje: mpeleke hospitali mara moja. Baadaye apimwe.

Kamba mbichi nimjue vipi, na ule uzi mweusi mgongoni ni nini?

Kichwa kikiwa kimeshikamana na mwili, gamba linang'aa, na harufu ni ya bahari, chukua. Kichwa kikining'inia na pua ikapata harufu kali kama ya mkojo, acha. Weusi unaoanza kichwani na kwenye maungio ni kazi ya vimeng'enya vyake vyenyewe baada ya kufa. Ukiwa kidogo hauna madhara, ila unakuambia barafu ilichelewa. Uzi wa mgongoni ni utumbo wenye uchafu wake. Pasua kidogo kwa kisu uutoe; mchanga ukikutafuna menoni utaharibu mchuzi wote.

Wanahisi maumivu?

Ushahidi umekuwa mwingi kiasi cha kubadili sheria. Uswisi ilikataza mwaka 2018 kuwatia kambakoche hai kwenye maji ya moto, na Uingereza mwaka 2022 iliwatambua dekapoda kisheria kuwa viumbe wenye hisia. Mimi nimebadilika pia. Zamani nilitumbukiza kaa hai sufuriani, nikasikia magamba yanavyogonga pembeni. Sasa namlaza kwanza kwenye barafu nyingi mpaka atulie kabisa, kisha namgeuza chali, nainua kile kibamba na kumchoma kwa kisu chenye ncha pale kati na tena mbele karibu na macho, upesi. Nyama haiharibiki, tena magando hayakatiki ovyo.

Nataka kufuga kaa. Inalipa?

Wengi wetu hapa pwani hatufugi, tunanenepesha: unachukua kaa aliyetoka kujivua gamba, mwepesi, unamlisha mabaki ya samaki wiki kadhaa mpaka ajae. Kila mmoja awe na chumba chake, la sivyo watalana. Hapo faida ipo. Tatizo ni kwamba watoto wa kaa wanaokotwa mikokoni, na kila mfugaji mpya anaongeza mikono inayookota. Kabla hujajenga vizimba, jua utawapata wapi miaka mitano ijayo. Na usikate mkoko kupata nafasi ya bwawa; utakuwa umebomoa nyumba ya unayemfuga.

Nimenunua kaa, kufika nyumbani naona chini ya tumbo kuna kitu kama zabibu ndogo za rangi ya chungwa. Nimle?

Hayo ni mayai aliyokwisha kuyatoa na kuyashika kwenye vijiguu vyake, huenda milioni na zaidi. Kamba mweupe haya hayafanyi, yeye huyaachia baharini. Kaa na kambakoche huyabeba mpaka yaanguliwe. Yakiwa ya chungwa bado machanga, yakigeuka kahawia kisha meusi ujue macho ya lava yameshaonekana ndani. Kwa kawaida jike wa kaa wa mikoko akifika hali hiyo huwa ameshatoka mikokoni kwenda bahari ya kina, kwa hiyo kumkuta sokoni ni nadra na maana yake alinaswa njiani.

Kama yuko hai na unaishi karibu na bahari, mfunike kwa gunia lililoloweshwa maji ya chumvi, usimtie maji ya bomba, umpeleke kwenye maji yanayojaa mwishoni mwa mikoko. Mkatie kamba za magando ukiwa umemweka chini, si mkononi, urudi hatua mbili. Atakaa kidogo, atainua magando, kisha ataingia majini kwa upande. Nipigie uniambie, nitakupa mwingine, dume, bila kukutoza.